Ini la wazee linasingiziwa

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa afya, ile iliyoeleza kwa nini mtu akishavuka miaka sitini hulewa upesi kuliko zamani. Mwandishi wenu alizunguka sana, kisha akafunga hoja kwa maneno mawili: ini limechoka. Hapo mimi, mama wa miaka 68, mfamasia mstaafu, nikaweka gazeti chini nikatafuta kalamu.

Kinachoniudhi ni kwamba najua maneno hayo yanamfikisha wapi msomaji. Yanamfikisha maabara. Atatolewa damu, vipimo vya ini vitatoka vizuri, naye atarudi nyumbani kifua mbele. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, na sijui nimeonyeshwa mara ngapi karatasi ya aina hiyo na mzee anayetabasamu: "Mwanangu, soma hapa, ini langu ni la kijana." Nami nasoma, na kweli ni la kijana. Ila vipimo hivyo vinaeleza kama chembe za ini zimeumia. Havisemi lolote kuhusu kiasi cha pombe kitakachokuwa kwenye damu yake leo jioni, na hicho ndicho kitakachomwangusha.

Basi tuanze na maji, ambayo makala yenu haikuyataja hata mara moja.

Pombe ni rafiki wa maji. Ikishaingia kwenye damu husambaa kila penye maji mwilini, na penye mafuta hupita pembeni. Mwili wa mwanamume kijana ni maji kwa takriban asilimia 60 ya uzito wake. Miaka inavyosogea misuli hupungua na mafuta huongezeka, na kwa kuwa msuli umejaa maji na mafuta ni makavu, yule yule akifika miaka 70 huweza kuwa amebakiwa na asilimia 50 hivi. Mizani haitamwambia. Anaweza kuwa na kilo 70 leo kama alivyokuwa siku ya harusi yake, na watu wakamsifu kwamba hazeeki.

Sasa hesabu. Mniwie radhi, mfamasia haachi hesabu hata akistaafu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Chupa mbili ni gramu 40. Kijana wa kilo 70 ana lita 42 za maji za kuzitawanya gramu hizo. Damu yenyewe ni maji kwa kama asilimia 80, kwa hiyo akizinywa upesi, tumbo likiwa tupu, na kabla mwili haujaanza kuziunguza, damu yake itafika kama miligramu 76 kwa kila mililita 100. Mzee wa uzito ule ule ana lita 35 tu. Gramu zile zile 40 zitampeleka kwenye miligramu 91. Kuna nchi ambazo sheria ya barabarani imeweka mpaka kwenye 80, nyingine kwenye 50. Kwa mpaka wa 80, chupa mbili zile zinamwacha kijana upande huu na kumvusha mzee upande wa pili, na hakuna aliyeongeza hata tone.

Kwa mwanamke mambo huanza mapema zaidi. Hata akiwa msichana, maji yake ni kama asilimia 50, uzeeni huweza kushuka hadi 45. Mwanamke wa kilo 60 akinywa gramu hizo hizo 40 atafika 107 akiwa kijana, na 119 akiwa bibi. Wanawake wenzangu walioniuliza kwa nini waume zao "wanaimudu" na wao hawaimudu, jibu lenu ni hilo. Wala hakuna cha udhaifu hapo.

Msidhani haya nimeyatunga jikoni kwangu. Mwaka 1977 Robert Vestal na wenzake huko Marekani walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu 50 wenye afya njema, wa miaka 21 hadi 81. Pombe hawakuwapa wanywe. Waliitia kwenye mshipa polepole kwa muda wa saa moja, kila mtu kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wake, ili habari za tumbo na chakula zisiingilie. Waliyoyaona: kasi ya kuiondoa pombe mwilini haikubadilika kwa umri, lakini kilele cha pombe katika damu kilipanda kadiri umri ulivyopanda. Ini la mzee mwenye afya lilifanya kazi yake kama la kijana, ila lilipokea damu yenye pombe iliyokolea zaidi.

Sisemi ini halizeeki. Huzeeka: hupungua ukubwa, na damu inayopita ndani yake hupungua pia, jambo linalozichelewesha dawa kadhaa. Na mtu aliyeliumiza kwa miongo ya unywaji ana hadithi nyingine kabisa, huyo ini lake limechoka kweli. Lakini kwa mzee wa kawaida, mwenye glasi yake ya jioni, kulitwika ini lawama zote ni kumsingizia asiyekuwepo.

Kasi yenyewe ya ini haibembelezwi. Damu hushuka kama miligramu 15 kwa saa, wengine kidogo chini ya hapo, wengine juu. Ni kama dirisha la dawa lenye mhudumu mmoja: foleni iwe ya watu watano au hamsini, yeye anahudumia mmoja mmoja kwa mwendo wake. Kahawa nzito haimharakishi, kuoga maji baridi hakumharakishi, kulala ndiyo kabisa. Kwa hesabu ile ya juu, kijana ataimaliza pombe yake kwa saa 5 hivi, mzee kwa saa 6, na yule bibi atakwenda karibu 8. Aliyekunywa saa nne usiku huweza kuamka alfajiri akiwa bado nayo, na huenda akashika usukani akidhani amekwisha kuilala.

Mume wangu, ambaye hesabu alizikimbia tangu shuleni, aliposoma karatasi hii juu ya bega langu aliuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa kwenye mada hii: "Kwa hiyo nikitaka niwe sawa na zamani nipunguze kiasi gani?" Kwa upande wa maji, kwenye chupa mbili aache theluthi ya chupa moja. Alifurahi, akaona ni bei nafuu. Furaha yake haikudumu, kwa sababu nilikuwa sijafika kwenye ubongo.

Ubongo wa mzee huyumba kwa pombe kidogo kuliko wa kijana, hata damu zao zikisoma namba ile ile. Usawa wa kusimama, wepesi wa kukanyaga breki, uwezo wa kufuatilia mambo mawili kwa pamoja, vyote hupungua kwa umri peke yake, na pombe huja kuchukua kilichobaki. Ubaya zaidi ni mazoea. Mtu aliyekunywa miaka arobaini ameuzoeza ubongo wake usipige kelele. Haropoki wala hapepesuki, haimbi. Anajiona yuko sawa, na wanaomtazama wanasema mzee ana kichwa kigumu, pombe haimshiki. Wakati huo huo mguu wake unachelewa kupata breki. Ujana ulikuwa unamwonya mapema. Uzeeni onyo hilo limefifia, na kilevi chenyewe kimekolea.

Sasa niingie kwenye eneo langu, ambalo makala yenu ililipa mstari mmoja: "wazee wanaotumia dawa wamwone daktari." Dawa zipi? Na daktari atamwambia nini, ikiwa hata hajui kama mgonjwa anakunywa?

Niwape mfano mmoja ambao nilipoujua nikiwa bado mwanafunzi ulinishangaza, na mpaka leo unanishangaza. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ni rafiki wa mafuta, kinyume cha pombe. Mwaka 1975 Ulrich Klotz na wenzake walionyesha kwamba muda inaochukua dawa hiyo kupungua nusu mwilini ni kama saa 20 kwa mtu wa miaka 20, na kama saa 90 kwa mtu wa miaka 80. Utazame basi mwili wa mzee: maji yamepungua, mafuta yameongezeka. Pombe inabanwa kwenye maji kidogo, inakolea. Diazepamu inapata ghala kubwa la mafuta, inakaa siku nyingi. Mzee aliyemeza kidonge juzi anaweza kukaa leo na glasi yake akiamini dawa imekwisha mwilini, kumbe haijapungua hata nusu. Zote mbili zinasinzisha ubongo, na zote mbili zikizidi hupunguza pumzi.

Nyingine nitazipitia haraka. Vidonge vya mafua vyenye klofenilamini, ambavyo watu hununua bila cheti kana kwamba ni peremende, husinzisha mara mbili vikikutana na pombe. Aspirini na ibuprofeni hukwaruza utando wa tumbo, pombe nayo hukwaruza pale pale, na tumbo la mzee hutoka damu kwa urahisi. Wafarini, ya kuzuia damu isigande, hubadilika nguvu mtu akinywa leo akaacha kesho akanywa tena. Parasetamoli kwa mnywaji wa kila siku huweza kuliumiza ini kwa kipimo ambacho mwingine angekimudu. Dawa za presha zinashusha presha, pombe inailegeza mishipa, na mtu akisimama ghafla dunia inageuka. Metfomini, dawa ya sukari, hasa figo zikiwa si nzima, na pombe nyingi juu yake, huweza kuleta tindikali katika damu. Hutokea kwa nadra, ila ikitokea ni ya kuua.

Pa kukaa kidogo ni kwenye sukari. Kuna dawa za sukari kama glibenklamidi zinazoilazimisha kongosho kutoa insulini iwe mtu amekula au hajala. Sukari ikianza kushuka, ini ndilo huokoa kwa kutengeneza sukari mpya. Lakini ini lililoshughulika na pombe huiacha kazi hiyo ya kutengeneza sukari. Mzee amemeza kidonge, amekunywa, hakula vya kutosha, na usiku sukari inaporomoka. Dalili zake ni zipi? Jasho, kuchanganyikiwa, ulimi mzito, kuyumba, hasira zisizo na sababu. Wanaomwona watasema nini? "Amelewa, mwacheni alale." Akalala. Katika barua yote hii, kama mna nafasi ya kuchapisha aya moja tu, chapisheni hii: mwenye sukari anayetumia dawa na ana harufu ya pombe asiachwe alale kabla hajapimwa sukari. Kama hakuna kipimo na bado anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari. Kama hawezi kumeza asilazimishwe kinywani, akimbizwe hospitali.

Kuhusu "kidogo" nina kisa. Alikuja mzee mmoja dirishani, mkono umefungwa bendeji kwenye kifundo, na cheti cha dawa ya maumivu. Nikamuuliza kilichompata. Alijikwaa tu, usiku, akienda haja ndogo. Nikamuuliza kama huwa anakunywa. "Kidogo, mwanangu. Glasi moja ya kulalia." Kwenye jalada lake niliona anatumia amitriptilini kila usiku kwa maumivu ya neva, dawa inayosinzisha na kushusha presha mtu anaposimama. Nikamwomba akija tena aje na hiyo glasi. Nilidhani atachukia. Alikuja nayo, ameiviringisha kwenye gazeti, sikuangalia kama lilikuwa lenu. Nikampa maji amimine mpaka pale anapomiminaga pombe yake kali. Alimimina kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake, akasimama chini kidogo ya ua lililochorwa kwenye kioo. Nikayahamishia maji kwenye silinda ya vipimo: mililita 120.

Kwa pombe kali ya asilimia 40, mililita 120 ni gramu 38. Ukitumia toti ya mililita 30, hizo ni toti nne. Glasi moja ya kulalia ilikuwa sawa na zile chupa mbili za bia tulizozipigia hesabu, na juu yake kidonge cha amitriptilini. Mzee aliiangalia silinda muda mrefu. "Lakini mwanangu," akaniambia, "glasi hii ninayo tangu sijaoa." Nikamjibu kwamba glasi haina kosa, mzee wangu, wewe ndiye uliyepungua maji. Akacheka mpaka waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanuna.

Na alijikwaaje? Hata hilo lina maelezo. Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, ndiyo maana mnywaji hukojoa kuliko alichokunywa. Mwanamume mwenye umri wake, tezi dume nayo imeanza kumsumbua, ataamka mara kadhaa. Usingizi wenyewe ni wa pombe: huja upesi mwanzoni, halafu nusu ya pili ya usiku hukatika katika. Anaamka gizani, presha imeshuka, miguu haijui iko wapi, na mlango uko mbali. Mwili umekwisha kupoteza maji ambayo tayari yalikuwa machache, na kiu ya mzee haimwiti kama ya kijana, kwa hiyo hata maji ya kunywa hayatafuti. Kifundo cha mkono ndicho kilichoumia safari hiyo. Kwa mwingine ni nyonga.

Au kichwa, na hapa naomba wasomaji wenye wazazi wazee wawe macho. Ubongo husinyaa kidogo kwa umri, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wake hubaki imevutika. Pigo dogo, la kugonga kichwa kwenye fremu ya mlango, huweza kuuchana mshipa mmojawapo ukaanza kuvuja polepole. Mnywaji wa miaka mingi yumo hatarini zaidi, na anayetumia wafarini au aspirini zaidi ya hapo. Damu hujikusanya kwa siku, hata wiki. Mzee anaanza kusahau, kusinzia mchana, kuburuta mguu. Familia inasema ni uzee, au inasema ni pombe. Picha ya kichwa ingeonyesha tatizo ambalo mara nyingi daktari wa upasuaji analiweza.

Najua kuna atakayewaandikia wiki ijayo kwamba babu yake alikunywa kila siku akafika miaka tisini, na kwamba waini kidogo hulinda moyo. La babu sina la kusema. La moyo lina kasoro yake: utafiti mwingi wa zamani uliwalinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa, na kwenye kapu la wasiokunywa walikuwemo walioacha kwa sababu walikwisha kuugua. Ukiwatoa hao, faida inayoonekana hupungua au hupotea. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na wakala wake wa utafiti wa saratani uliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Mimi siandiki kumnyang'anya mtu glasi yake. Mtu mzima ana haki ya kuchagua, ila achague akijua kilichomo.

Na kujua huko kunakwama kwenye aibu. Daktari kijana humwona mgonjwa mwenye umri wa baba yake, anaona vigumu kumhoji habari za ulevi. Anauliza, "Unatumia kilevi, mzee?" Mzee anajibu kidogo. Anaandika "kidogo" na kugeuza ukurasa. Nimesoma neno hilo kwenye majalada mengi kiasi kwamba kama lingekuwa kipimo ningeomba lichongwe kwenye silinda. Nyumbani ni vile vile: watoto watamuuliza mama kama amemeza dawa ya presha, lakini chupa iliyo nyuma ya kabati hawaigusi, kwa adabu. Adabu ya namna hiyo imewavunja nyonga watu wengi.

Kuuliza kwenyewe si kugumu ukiacha kuuliza kama polisi. Unauliza anakunywa nini, kwenye chombo gani, anajaza mpaka wapi. Saa ngapi, na vidonge vya usiku anavimeza saa ngapi. Ameamka usiku akayumba? Amewahi kuanguka asimwambie mtu? Mzee atakujibu vizuri akiona unamuuliza kama unavyomuuliza habari za chumvi. Wengi waliokuja dirishani kwangu walikuwa wakisubiri kuulizwa, na baadhi walipoonyeshwa mililita zao walizipunguza wenyewe bila kuhubiriwa.

Nina ombi na onyo, nimalize. Onyo ni kwa familia itakayosoma barua hii ikakimbilia kumwaga chupa. Mtu anayekunywa sana kila siku, anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate ya kwanza, asikatishwe ghafla nyumbani. Mwili uliozoea ukinyimwa mara moja huweza kuingia kwenye degedege, na siku mbili tatu baadaye kuona vitu visivyokuwepo na kupandwa na homa, hali ambayo kwa mzee mwenye moyo dhaifu huua. Huyo apelekwe hospitali, aachishwe kwa dawa na uangalizi, na apewe vitamini B1, kwa kuwa mnywaji mkubwa mara nyingi ameishiwa nayo, na ukosefu wake huharibu kumbukumbu kwa namna isiyorudi yote.

Ombi ni kwenu, Mhariri. Mwandishi wenu aliahidi sehemu ya pili ya makala yake. Kabla haijatoka, mwambieni aongeze jedwali la maji ya mwili kwa umri, la wanawake na la wanaume kila moja peke yake, na pembeni yake orodha ya dawa za kawaida za wazee zisizopatana na pombe. Akikosa wa kumsaidia kuipanga, anwani yangu mnayo.

Mfamasia mstaafu
(Jina na anwani ninaviacha kwa Mhariri)